Barua kwa mwanangu: habari hii ni yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Juzi nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba kovu la kisogoni ulilipata kwa kuanguka mwembeni. Sikukukatiza. Mwili ni wako, na si kila anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Lakini wewe mwenyewe nataka uijue habari yako yote, maana umri umefika, na iko siku utakaa mbele ya daktari mimi sipo.

Kabla hujaingia darasa la kwanza ulianza kuamka na kichwa kinauma. Unatapika, unapata nafuu, unataka kwenda kucheza. Tukadhani minyoo, tukadhani malaria. Halafu ukawa unayumba ukitembea, na jicho moja linaangalia pembeni. Wako waliosema ni husda, wako waliosema shetani. Babu yako alikusomea dua kila usiku, na yeye ndiye aliyetupeleka bandari ya Mkoani, hapa Pemba, kupanda boti. Kwetu dua na hospitali havijagombana hata siku moja.

Picha ya Unguja ilionesha uvimbe kwenye ubongo wa nyuma, sehemu inayomwezesha mtu kusimama bila kuyumba na kuupeleka mkono pale anapoutaka. Ulikuwa umeziba njia ya maji ya ubongo, ndiyo sababu ya kile kichwa cha alfajiri. Ulipasuliwa Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Uvimbe wenyewe unaitwa medulobulastoma. Ni saratani, na huwapata zaidi watoto. Lishike jina hilo, utaulizwa.

Usiku wa kuamkia operesheni uliniuliza: “Mama, ni kwa sababu nilitoroka chuo cha Kurani nikaenda pwani?” Nikakwambia hapana. Hakuna mtoto anayeota uvimbe kichwani kwa utundu wake. Nalirudia leo kwa maandishi, kwa kuwa swali kama hilo mtoto hulificha moyoni hata akishajibiwa.

Ulipozinduka uliomba maji. Kesho yake ukanyamaza kabisa. Macho yanatutazama, neno halitoki, unalia bila sauti. Daktari akatueleza kwamba baadhi ya watoto wanaopasuliwa sehemu ile hupoteza usemi kwa wiki, wengine kwa miezi, na kwamba masikio yako yanatusikia. Basi nikawa nakwambia kila kitu kabla hakijafanywa: sasa muuguzi atakushika mkono, sasa sindano, sasa nakugeuza. Neno lako la kwanza lilikuja kwenye kijiko cha dawa: “Sitaki.” Muuguzi alicheka, mimi nililia, na dawa ukainywa.

Kisha mionzi, Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, siku tano kwa wiki. Walikutengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, inalainishwa kwenye maji ya moto, inakandamizwa usoni mpaka inashika sura yako, kisha inafungwa kitandani usitikisike. Na chumbani unabaki peke yako. Kwa shangazi yako Temeke tulifanya mazoezi kwa kawa la kufunikia chakula: unalala, nakufunika uso, unasoma Qul huwallahu moyoni mpaka niseme basi. Kisha zamu yangu, unanifunika wewe. Ulipoingia kwenye chumba chenyewe ulikuwa unajua la kufanya. Wazazi wenye watoto wadogo nawaambia hilo kila ninapokutana nao: mtoto achezeshwe kwanza lile atakalofanyiwa, asivamiwe nalo.

Dawa za saratani ulizotiwa mishipani zilikutoa nywele na kukulegeza nyayo. Nywele zilirudi.

Kazi kubwa ilikuwa hapa nyumbani. Ulirudi Pemba hujui kukaa bila kuegemea. Mtu wa mazoezi alituambia tusitafute vifaa vya ajabu, tutumie vya nyumbani, na ilikuwa msimu wa karafuu. Tukakukalisha kwenye mkeka, mito huku na huku, fungu la karafuu mbichi mbele yako, uchambue. Mkono ulikuwa unatetemeka na kuipita karafuu, unarudi, unaipita tena. Ukiipata, kidole gumba hakina nguvu ya kuitoa kwenye kikonyo. Bibi yako roho ilimuuma, kila mara anataka akutolee. Nikamwomba: mama, mwache. Akawa anakalia mikono yake. Mwisho wa msimu ulikuwa ukichambua kibakuli kizima, na vidole hivyo ndivyo vilivyokuja kushika penseli.

Sasa lile la skuli. Mionzi iliyoua mabaki ya uvimbe huweza pia kupunguza kasi ya ubongo wa mtoto na kuigusa tezi inayomkuza. Ndiyo maana unachelewa kumaliza kuandika, unachoka saa nne asubuhi, na mdogo wako amekupita kimo. Kujua unajua, unahitaji muda tu. Mwalimu nimemwomba akuongezee dakika na akukalishe mbele, na hilo si upendeleo. Asikuite mtu mvivu ukakubali. Mimi nimekuona ukiitafuta karafuu moja asubuhi nzima.

Kile kijimrija unachokipapasa nyuma ya sikio kinashuka chini ya ngozi hadi tumboni, kinapunguza maji ya kichwani. Kinaweza kuziba. Kwa hiyo ukiamka na kichwa kikali, ukatapika, au usingizi ukakulemea kinyume na kawaida, niamshe saa hiyo hiyo. Usisubiri nimalize kuswali, usisubiri kuche. Tutakwenda hospitali siku ile ile, hata ikiwa ni asubuhi ya mtihani. Mwalimu nitazungumza naye mimi.

Mama yako