Barua kwa Mwanangu Kabla Hujapanda Rungwe

Tukuyu, Julai

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa nyumbani, tunamshukuru Mungu. Mama yako anamalizia kuvuna viazi, na baridi ya mwaka huu inauma kweli.

Ujumbe wako tumeusoma wote wawili. Unasema kwenye treni ya TAZARA umepata wenzako, dada mmoja kutoka Zambia na vijana wawili wa Ulaya wenye mabegi ya mgongoni, na mmekubaliana mpande Rungwe kwa siku moja kabla kila mtu hajashika njia yake. Mama yako aliniuliza, "Hao watu anawafahamu?" Nikamwambia mlima utawafahamisha. Yeye bado ana wasiwasi, na haki anayo. Mimi nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kuna jambo nataka ulisome polepole.

Kwanza njia. Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Piteni ofisini, mlipe ada, mpate mwongozaji, hata kama mmoja wenu ana ramani kwenye simu. Chini kuna msitu mnene, mbele kidogo mianzi, halafu huko juu nyasi na vichaka vya baridi. Ukungu ukishuka mkiwa kwenye mianzi, aliye hatua chache mbele yako humwoni. Anzeni alfajiri. Ikifika saa saba mchana na kilele bado, geukeni, hata kama mnakiona. Watu huumia wakati wa kushuka, magoti yakiwa yamechoka na udongo unateleza. Kiangazi ndiyo hiki, lakini mlima wetu haukauki kabisa, kwa hiyo beba koti la mvua na sweta nzito.

Wenzako waambie habari za kipunji. Nyani huyu alijulikana kwa wanasayansi mwaka 2003, na mwaka 2006 wakampa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, kwa jina la mlima huu. Lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja zamani, na ni kwa kuwasikiliza wao ndipo watafiti walipoanza kumtafuta. Hilo lisimulie kwa kichwa juu, mwanangu.

Sasa lile jambo lenyewe. Mwaka ule aliofariki bibi yako nilikwenda Ngozi, kwenye lile ziwa la kreta. Nilitaka tu kutembea. Pale Isongole, mwongozaji alinijumuisha na wasafiri wengine: mume na mke kutoka Songea, na mama mmoja mzee wa Kiswidi, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akisafiri peke yake kwa mabasi. Yule mama alitembea taratibu mno. Mwongozaji akamweka mbele kabisa, nyuma yake tu, na sisi wenye miguu mizuri tukafuata. Mwanzoni nilichoka kwa kusubiri. Baadaye nikaona kwamba kwa mwendo ule hakuna aliyehema, na watu wasiohema huzungumza. Nakusihi mfanye hivyo hivyo: aliye mzito awe mbele, na asiitwe mzito.

Tulipofika ukingoni ziwa lilikuwa chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu. Tukakaa. Wale wa Songea walitoa mihogo ya kuchemsha, mimi nilikuwa na maparachichi na chumvi, yeye alikuwa na mkate mkavu na jibini. Tukala kama watu wa nyumba moja. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza yule mama habari za bibi yako: jinsi alivyokuwa akiniita jina langu la utotoni siku zile za mwisho, na jinsi nilivyoshindwa kulia msibani kwa kuwa kila mtu alikuwa akinitazama mimi kama kaka mkubwa. Mambo hayo mama yako mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Yule mama hakunipa ushauri. Alinisikiliza, halafu akanieleza habari za mumewe. Hizo siziandiki hapa, kwa sababu nilipewa mimi.

Pale Isongole yeye alipanda kosta ya Mbeya, mimi nikapanda ya Tukuyu. Hatukuandikiana, hatukuonana tena, na bado namwombea.

Ndiyo maana siogopi hao wenzako wa treni. Njiani mtu anaweza kukufungulia moyo kuliko jirani yako wa miaka ishirini. Yakikufika, usiyakimbie, wala usiyapeleke kwa mwingine kesho yake kama hadithi ya safari. Wewe pia ukiwa na la kusema, sema. Najua mwaka huu chuoni haukuwa mwepesi kwako, ingawa kwenye simu unasema "nzuri tu, baba."

Na wale utakaowakuta wakishuka na mizigo ya kuni, wewe ndiye uwapishe, si wao. Simama pembeni, sema "mugonile", wafundishe na wenzako waseme. Mtu wa hapa akisalimiwa vizuri atakuambia njia ikoje leo, wapi kuna tope, wapi mti umeanguka. Mkipewa ndizi mpokee kwa mikono miwili mseme ndaga fijo, yaani asante sana, wala msikimbilie kutoa hela.

Mkishuka njooni wote nyumbani. Maji ya moto yatakuwepo. Mama yako anataka kupika wali wa Kyela na maharage, na anauliza kama kuna asiyekula nyama, ili kuku asichinjwe bure. Nijulishe mapema mtalala wangapi, niazime magodoro kanisani.

Wako akupendaye,
Baba