Breki hupimwa kwa milimita, si kwa kilomita

Mhariri,

Kurasa za magari zikigusa suala la breki, ushauri huwa uleule: badilisha pedi kila baada ya kilomita kadhaa. Huyu atasema 30,000, yule 50,000, na msomaji anabaki akihesabu kilomita huku pedi zikiendelea kulika kwa hesabu yao wenyewe. Gari linaloteremka milima kila siku, au linaloshinda kwenye foleni, laweza kumaliza pedi za mbele kabla ya kilomita 20,000. Lingine la aina ileile, likitembea barabara kuu kwa mwendo wa kutulia, litafika 70,000 na bado pedi ni nzuri. La haibridi, lenye injini na mota ya umeme, huenda mbali zaidi, kwa kuwa mota hiyo hupunguza mwendo kabla pedi hazijagusa diski. Kwa hiyo kilomita zikukumbushe tu kufungua tairi na kutazama, tuseme kila 10,000. Uamuzi hutolewa na milimita: za pedi na za diski.

Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama, yaani sehemu inayosugua diski, ya milimita 10 hadi 12, iliyoshikana na bati la chuma lenye unene wa milimita 5 au 6. Hilo bati ndilo linalowadanganya wengi. Mtu huchungulia kwenye matundu ya rimu, akaona kitu kinene, akaridhika, kumbe alichokiona zaidi ni chuma. Pima nyama peke yake. Ikibaki milimita 3, kanunue pedi. Ikifika 2, gari lisitoke. Hakuna faida ya kuila hadi mwisho: nyama ikiwa nyembamba, joto la diski hupita moja kwa moja hadi kwenye pistoni inayoisukuma pedi na kwenye mafuta ya breki, na siku bati litakapogusa diski, utakuwa umenunua diski pia.

Tena, pedi inayoonekana ukichungulia ni ya nje. Ya ndani, iliyo upande wa pistoni, imejificha, na mara nyingi ndiyo inayotangulia kuisha. Kalipa, kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski, mara nyingi hutembea juu ya pini mbili. Pini zikiingia kutu au zikikauka grisi, kalipa haitelezi tena. Pistoni inaendelea kuisukuma pedi ya ndani peke yake, nayo ya nje inapumzika. Ndiyo maana kalipa lazima ifunguliwe. Pedi mbili za gurudumu moja zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, au moja ikiwa imelika kishazari, nene huku na nyembamba kule, shida haiko kwenye pedi. Fundi akiweka mpya bila kuzichomoa pini, kuzisafisha na kuzipaka grisi, pedi hizo zitakufa kwa ugonjwa uleule.

Kuhusu kelele, tuwe waangalifu. Pedi nyingi zina kibati chembamba kinachoanza kugusa diski nyama ikikaribia kuisha, kikatoa mlio mkali kama filimbi. Lakini kibati hicho mara nyingi huwa kwenye pedi moja tu, na pedi za bei poa huenda zisiwe nacho kabisa. Ukimya, basi, si ushahidi wa uzima. Kwa upande mwingine, mkwaruzo wa asubuhi baada ya usiku wa mvua, unaotoweka ukikanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu ya juujuu tu. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, usiokwisha, ndio wa kukufanya uegeshe.

Sasa diski, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kila diski ina kikomo chake, na kwa kawaida kimepigwa kwenye chuma chenyewe, ukingoni au kwenye kofia ya katikati, kikitanguliwa na herufi MIN TH, yaani unene wa chini kabisa. Diski iliyozaliwa na milimita 25 yaweza kuandikwa 23. Maana yake una milimita 2 tu za kutumia, yaani moja kila upande. Venia ya kawaida, kile kipimo cha taya mbili, haifai hapa, kwa sababu pembeni mwa diski iliyotumika kuna ukingo ambao pedi haiufikii. Taya za venia hukalia ukingo huo na kukupa unene usiokuwapo. Tumia maikromita, kipimo cha unene chenye ncha ndogo, ingia ndani ya ukingo kiasi cha milimita 10, upime sehemu nane kuizunguka diski. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unene wa diski hiyo. Usitafute wastani.

Tuseme umepata 23.4 na kikomo ni 23.0. Wengi wataifunga pedi mpya kwa kuwa "bado ipo juu". Lakini kama diski hiyo ilipoteza 0.8 wakati wa pedi zilizopita, itapoteza karibu kiasi hichohicho na hizi mpya, ivuke kikomo pedi zikiwa hazijaisha, na ifike 22.6 zikiisha. Hapo diski hubadilishwa leo, pamoja na pedi. Diski nyembamba haina uzito wa kubeba joto, hupata nyufa upesi, na humlazimu pistoni kutoka mbali kuliko alivyopangiwa. Tukitaja nyufa: vijistari vidogo vya joto usoni mwa diski si ajabu, ila ufa uliofika ukingoni, au unaonasa kucha ukipitisha kidole, hauna mjadala.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki, jibu la haraka ni "diski imepinda". Mara nyingi haijapinda. Imepata tofauti ya unene, na tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kuutikisa mguu wako kwenye kanyagio. Chanzo huwa nyuma ya diski, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski hukalia: fundi amevua ya zamani, akabandika mpya juu ya magamba ya kutu. Diski ikakaa imeinama kwa kiasi kisichoonekana, na kila mzunguko ikawa inaigusa pedi sehemu ileile hata breki haijakanyagwa. Sehemu hiyo ikaliwa taratibu. Baada ya kilomita elfu chache mtetemo unaanza, na anayelaumiwa ni muuza diski. Kwa hiyo habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha diski ibanwe kwa nati na mchezo wake, yaani inavyoyumba ikizunguka, upimwe kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachogusa uso wa diski). Kwa magari mengi usizidi milimita 0.05. Nati za tairi nazo zikazwe kwa kupishana na kwa spana ya kipimo. Mashine ya upepo ikiachiwa ikaze ipendavyo, inarudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma.

Na mtindo wa kukereza diski, yaani kuuchonga uso wake kwa mashine, kila pedi zinapobadilishwa? Ni uharibifu. Kukereza milimita 0.3 kila upande kunakula 0.6 kati ya zile 2 ulizonazo. Diski iliyo laini, isiyotetemesha, na yenye unene wa kutosha, iachwe. Ikerezwe tu ikiwa ina mifereji au mtetemo, na baada ya kukerezwa ibaki juu ya kikomo kwa kiasi cha kuzitosha pedi mpya.

Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia kwa pamoja, vivyo hivyo diski. Vinginevyo gari litavuta upande mmoja. Makosa ya ufungaji tunayoyaona zaidi ni haya. Kalipa kuachwa ikining'inia kwa mpira unaopitisha mafuta ya breki, badala ya kufungwa kwa waya kwenye springi. Pini kupakwa grisi ya beringi, ambayo huvimbisha vijipira vyake. Inatakiwa grisi maalumu ya breki, ile inayoelewana na mpira. Diski mpya kufungwa na mafuta yake ya kuzuia kutu, yakaingia kwenye pedi. Pistoni ya nyuma yenye breki ya mkono ndani yake kusukumwa kwa nguvu wakati nyingi hurudi kwa kuzungushwa. Yenye breki ya mkono ya umeme isiguswe kabla mfumo haujawekwa katika hali ya matengenezo.

Mafuta ya breki hushuka kwenye chupa kadiri pedi zinavyolika, hivyo ukijaza katikati ya safari hiyo, siku ya kurudisha pistoni yatafurika na kubabua rangi ya gari. Yakishuka ghafla ni jambo jingine: tafuta panapovuja. Yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi, maana hunyonya unyevu. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango chake huweza kushuka hadi karibu 155, na mteremko mrefu unafika huko bila shida.

Tunaomba wasomaji wako, wakipeleka gari, wadai namba kwenye risiti: nyama ya kila pedi, unene wa kila diski, na kikomo kilichoandikwa kwenye diski hiyo. Fundi aliyepima hatashindwa kuziandika.

Kazi ikiisha, kanyagio lipampiwe hadi liwe gumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, kwa kuwa pistoni zimerudi ndani na mkanyago wa kwanza huwa hewa tupu. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, kwenye barabara isiyo na watu punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10 kwa breki ya wastani, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika kati ya moja na nyingine. Endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Kilomita 200 za mwanzo, epuka kufunga breki kwa ghafla pasipo lazima.

Mafundi wa breki