Wauza PSP za mtumba, toeni betri mbele ya mteja

Ndugu Mhariri,

Kariakoo siku hizi PSP za mtumba, zile mashine ndogo za Sony za kuchezea michezo mkononi, zinauzwa bega kwa bega na simu, na wazazi wanazipenda kwa sababu mtoto anacheza bila bando. Mashine yenyewe haina neno. Kasoro iko kwenye namna ya kuiuza: muuzaji anaiwasha ikiwa kwenye chaji, mteja anaona picha inang'aa, analipa. Akifika Mbagala inazima.

Wengi hawajui kwamba PSP huwaka kwa umeme wa chaja hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Kuwaka dukani, basi, si ushahidi wa uzima wa betri. Mteja achomoe chaja, acheze si chini ya robo saa, huku akiangalia kiwango cha betri kinavyoshuka. Kikiporomoka ghafla, betri imekwisha.

Kisha afungue mfuniko wa nyuma. Betri ya lithiamu iliyochakaa hutengeneza gesi ndani yake, ikavimba na kuusukuma mfuniko. Ukiitilia shaka, ilaze mezani uizungushe kwa kidole: nzima hukwama, iliyovimba huzunguka kama pia. Isikandamizwe ili irudi mahali pake wala kutobolewa kwa bisibisi, inaweza kushika moto papo hapo. Nyingi zimekaa kwenye maboksi miaka mingi zikiwa tupu, na joto letu linamalizia kazi.

Anayenunua betri mpya aangalie modeli kwanza. PSP-1000, ile nene, hutumia ya volti 3.6 na mAh 1800 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). PSP-2000 na 3000 hutumia nyembamba ya mAh 1200. Ile nene haifungiki chini ya mfuniko wao. Betri yenye umbo lilelile iliyoandikwa mAh 3600 ni maandishi tu. Chaja ni ya volti 5. Zile adapta za vichwa vingi, za kuchagua volti kwa swichi, ziogopeni: ukiisahau kwenye 12, fyuzi za kwenye bodi zinaungua, na si kila fundi simu atakubali kuzigusa.

Mengine ni mepesi. Kitufe cha kusukuma kwa dole gumba kikiachiwa kisimvute mchezaji upande mmoja. Diski ichezwe, isiishie kusikika inazunguka, maana lenzi chafu husoma mwanzo kisha ikakwama. Memori kadi ijazwe mafaili hadi mwisho, kisha yafunguliwe, kwani za bandia hudanganya ukubwa. PSP iliyotoka Japani hukubali chaguo kwa kitufe cha duara badala ya cha msalaba, hiyo si hitilafu. Vilevile mistari myembamba inayoonekana kwenye kioo cha PSP-3000 picha ikikimbia ni maumbile yake, na mteja anayetaka apunguziwe bei kwa hilo anamwonea muuzaji.

Tunachoomba kwa wenye maduka ni kidogo: betri itolewe mteja aione, na ikiwa mbovu, mashine iuzwe bila betri kwa bei inayolingana. Zilizovimba zisirundikwe kwenye taka za duka, kwa sababu taka hizo mara nyingi huchomwa moto.

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Ilala, Dar es Salaam