Risala ya Kikundi cha Kupinga Ulevi, Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Serikali na wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama, na tunakukaribisha kwa heshima zote.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama waliochoka kuona fedha za tumbaku zikiishia kilabuni. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, ingawa wanywaji wengi wa hapa walihamia kwenye gongo, ambayo hakuna anayepima ukali wake wala methanoli inayopofusha macho. Mafanikio yetu ni makubwa: elimu imefika kila kitongoji, na vijana wetu wa bodaboda ni mfano wa kuigwa mkoa mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Hata hivyo, anayetunyima usingizi zaidi ni yule aliyekubali kuacha. Mtu aliyelewa kila siku kwa miaka mingi akikatisha ghafla hutetemeka na kutokwa jasho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Majirani husema karogwa, na ndugu humfunga kamba. Tiba inajulikana: diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa hatua kwa hatua, vitamini B1, na mhudumu aliyefunzwa wa kumwangalia usiku na mchana. Zahanati yetu haina mhudumu huyo, dawa hizo wala chumba. Tunawasihi watu waache pombe, nao wakitusikiliza hatuna pa kuwapeleka; jambo hili linatuumiza sana.

Ombi hili, Mheshimiwa, si geni. Lilisomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, likapigiwa makofi, likaahidiwa kuingia katika bajeti iliyofuata, na matofali tuliyofyatua wenyewe kwa kuiamini ahadi hiyo sasa yameota majani. Tunashukuru kwa nia njema waliyoionyesha. Safari hii tunaomba mhudumu mmoja mwenye mafunzo ya afya ya akili, dawa tulizozitaja, na mabati ya chumba. Aidha, tunakuomba kwa unyenyekevu, kabla hujaondoka, utaje mbele ya mkutano huu afisa atakayelifuatilia na tarehe ya kutuletea majibu, ili katibu wetu aviandike katika muhtasari.

Tunaomba kuwasilisha.