Shukrani kwa mzee wangu wa kahawa, Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, namshukuru hadharani mzee mmoja muuza kahawa. Jina nalihifadhi kwani mwenyewe hapendi kutajwa. Niliacha shule nikisoma kwa kuungaunga silabi, na mbele za watu sauti inanikauka. Mzee alinipa gazeti la jana, akaweka kidole chini ya mstari, akasubiri. Hakunikatiza, wala hakumruhusu mteja yeyote anicheke (na utani wa kijiweni mnaujua). Siku aliponiambia Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, niliona vitabu ni vyetu pia. Sasa kadi ya maktaba ninayo, na usiku wanangu hugombania nani achague hadithi. Shikamoo mzee wangu. Mungu akupe afya na umri mrefu.