Kaka, kuhusu lile swali lako la ukocha msaidizi

Durham, North Carolina
Novemba

Kaka yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma, na kwa kuwa ligi ya kikapu ya vyuo nayo imeanza, mjini hapa hakuna habari nyingine. Barua yako nimeirudia sana, hasa pale uliposema kwamba kwenye kikao cha harusi ndugu walikuuliza mbele za watu, "Bado msaidizi tu?" Na kwamba ile klabu imekuita uache ukocha msaidizi wa kikapu hapo chuoni ukawe kocha mkuu, nawe unataka kwenda ili mradi cheo kibadilike. Mambo haya kwenye simu hayaenei, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Ngoja nikupe habari za Bill Guthridge. Huko nyumbani wapenzi wa kikapu wanamjua Dean Smith, kocha wa Chuo Kikuu cha North Carolina (huku wanakiita Carolina tu), kwa sababu ya Michael Jordan, lakini mtu aliyekaa kiti cha pembeni yake hatajwi. Guthridge alizaliwa Parsons, Kansas, mwaka 1937. Alichezea chuo cha Kansas State chini ya kocha Tex Winter, baadaye akarudi hapo hapo kama msaidizi, kisha mwaka 1967 akahamia Carolina, chuo kilichopo Chapel Hill, mji jirani kabisa na huu ninaoishi. Akawa msaidizi wa Smith miaka 30. Ubingwa wa 1982, ule wa Jordan, yupo benchi. Ubingwa wa 1993, yupo benchi. Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, Smith alipoiongoza Marekani hadi dhahabu, Guthridge alikuwa msaidizi wake huko pia. Hatua ya nne bora ya vyuo, ile wanayoiita Final Four, ambayo makocha wengi wanastaafu bila kuionja, yeye aliifikia mara 14: mara 1 akiwa mchezaji, mara 11 akiwa msaidizi na mara 2 akiwa kocha mkuu.

Usidhani alikosa pa kwenda. Mwaka 1978 alikubali kazi ya ukocha mkuu katika chuo kingine, Penn State, kisha akabadili nia hata kabla ya kuianza, akarudi kwenye kiti chake cha pembeni. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mimi naona alirudi kwa sababu Chapel Hill alikuwa na kazi yake mwenyewe. Smith alimwachia wachezaji warefu, wale wa chini ya kikapu, pamoja na ufundi wa kutupa. Kijana mrefu akiingia pale hajui aweke wapi miguu, alipelekwa kwa Guthridge. Mtu akianza kukosa mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, kwa Guthridge. Matunda yake yalionekana uwanjani, na kila aliyekuwa ndani ya timu alijua yametoka kwa nani.

Majuzi nilikwenda mapema kwenye mechi moja ya vyuo hapa, milango ilipofunguliwa tu, makusudi nimtazame kocha msaidizi akifanya kazi. Viti vitupu, wafanyakazi bado wanafuta sakafu. Kijana mmoja mrefu kama mnazi alikuwa chini ya goli na mzee wa makamo aliyevaa raba, mkononi ana mto mgumu wa kumsukumia. Anamrushia mpira, kijana anaudaka, anageuka, mzee anamgonga begani kwa ule mto, kijana anatupa. Tena. Tena. Mpira uingie, usiingie, yule mzee hakuwa akitazama goli hata kidogo. Alikuwa anatazama mguu wa kushoto wa kijana. Ukikanyaga mapema anasimamisha, anainama, anaugusa ule mguu kwa kidole, wanaanza upya. Mechi ilipoanza, uwanja umefurika, kijana akageuka vilevile na kufunga. Kamera zikamwendea kocha mkuu. Yule mzee akaandika kitu kwenye karatasi yake, basi.

Na hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Wasaidizi hugawana wapinzani: mmoja anapewa timu ya wiki hii, mwingine ya wiki ijayo. Ukishapewa, unatazama mechi zao hadi usiku wa manane, unaandika wanapenda kushambulia upande gani, nani hapendi kutumia mkono wa kushoto, kisha unawafundisha wachezaji wako wa akiba wajifanye ndio wale wapinzani mazoezini. Bado kuna kusaka vijana: kusafiri kwenda kuwatazama shuleni, kuongea na mama zao, kurudi mwakani kuongea tena. Mwaka 2023 sheria ya vyuo vya huku iliongeza wasaidizi wa timu za wanaume kutoka 3 hadi 5, ila wakati huo wawili wa nyongeza hawakuruhusiwa kutoka nje ya chuo kwenda kusaka. Kumbuka Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyeanza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, halafu akiwa chuo cha Connecticut akachaguliwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East 2008 na 2009, na mwaka huo wa 2009 akaitwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Urefu Mungu alimpa. Kujua lini aruke na lini atulie, hilo hufundishwa siku hadi siku, na mara nyingi wanaolifundisha ni watu wa cheo chako.

Lakini sitaki nikupambie. Hii kazi ina machungu. Roy Williams, ambaye baadaye akiwa kocha mkuu aliipa Carolina mataji ya 2005, 2009 na 2017, aliacha ualimu wa sekondari na ukocha wa shule mwaka 1978 akaja kuwa msaidizi wa Smith kwa mshahara wa dola 2,700 kwa mwaka. Ana mke na mtoto! Alikuwa akiuza kalenda za timu, na Jumapili anaendesha gari kusambaza kanda za kipindi cha televisheni cha kocha wake, ili nyumbani pasilale njaa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, chama cha michezo ya vyuo kiliweka sheria kwamba msaidizi wa ngazi ya chini asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Makocha walikwenda mahakamani, wakashinda, na mwaka 1999 chama kikakubali kulipa dola milioni 54.5 kuimaliza kesi. Nalitaja hili kwa sababu najua malipo yako yanavyochelewa, na najua wanaokuambia uvumilie hawajawahi kuchelewesha ya kwao.

Jingine ni kwamba kocha mkuu akiondoka, mara nyingi msaidizi anaondoka naye. Guthridge alipostaafu mwaka 2000, akaja Matt Doherty, kijana wa nyumbani kabisa, mmoja wa mabingwa wa 1982. Alikuja na wasaidizi wake kutoka Notre Dame, chuo alichokuwa akifundisha. Phil Ford, nyota wa zamani wa Carolina aliyekuwa msaidizi hapo tangu 1988, akapoteza nafasi. Hakufungwa mechi yoyote yeye. Naona hilo halikuwa haki, na nitaendelea kuona hivyo.

Sasa sikia Guthridge alivyomaliza. Oktoba 1997, siku chache kabla mazoezi ya msimu hayajaanza, Smith alitangaza kustaafu akiwa na ushindi wa mechi 879. Guthridge akakabidhiwa timu akiwa na miaka 60. Kulikuwa na wachezaji 6 waliostahili kuanza, wakiwemo Antawn Jamison na Vince Carter, na nafasi ni 5. Alichofanya ni kuwazungusha kwa zamu: leo huyu anaanzia benchi, kesho yule. Hata Jamison, mchezaji bora wa mwaka nchi nzima, alikaa zamu yake. Mimi naamini wazo lile lingemjia kwa urahisi mtu aliyeishi benchi na kujua kwamba hapo pia panafanyika kazi ya heshima. Msimu ule walishinda mechi 34 na kufungwa 4, wakafika nne bora, naye akatajwa kocha bora wa mwaka. Mwaka 2000 akafika tena, na timu ambayo watu walikuwa wameshaikatia tamaa. Misimu mitatu, ushindi 80, akapumzika.

Roy Williams, kwa upande wake, aliondoka baada ya miaka 10 ya usaidizi kwenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha Kansas, na alifanya vyema pia. Kwa hiyo sikuambii baki, wala sikuambii nenda. Ninachokuuliza ni hiki: hapo chuoni, kazi ipi ni yako? Ukiwa unabeba mipira, kujaza maji na kuita majina, basi ondoka, hata kama klabu yenyewe ni ndogo. Lakini uliniandikia mwaka jana kuhusu yule kijana wa kutoka Mara uliyemfundisha kugeukia kushoto, jinsi alivyokuwa akikuita asubuhi kabla ya vipindi mkarudie. Barua ile nzima ilikuwa na furaha. Hii ya sasa hivi imejaa kikao cha harusi.

Nenda kwa kocha wako mkuu, tena kabla hujaijibu klabu. Mwombe akukabidhi warefu wote na mitupo huru ya timu nzima, na aliseme mbele ya wachezaji kwamba hayo ni ya mwalimu fulani. Akikubali, una kazi ya miaka. Akikataa au akajizungusha, hapo umepata jibu lako na mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza ukihama. Na usiende kumwomba ukiwa umekasirika, nakujua.

Ile mito ya mazoezi nimenunua miwili. Kuna dada mmoja wa hapa anakuja Dar mwezi ujao, ataiacha kwa shemeji Tabata. Nijibu mapema ukishaongea naye.

Ni mimi ndugu yako.