Msiwafukuze watukutu vitabuni

Mhariri,

Katika kikao cha wazazi hapa Uyole, mzazi mmoja alitaka kitabu cha hadithi kiondolewe darasa la pili. Kosa lake? Mtoto wa humo anaiba maandazi ya bibi yake na kumsingizia paka. Wengi walipiga makofi. Naomba nipinge.

Kama watoto wangeiga kila wanachosoma, sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura tungekuwa matapeli watupu. Sungura anaiba, kosa anamtwisha Fisi, na mara nyingi anaondoka salama. Abunuwasi naye alimwambia jirani sufuria yake imezaa, kisha ikafa! Sijasikia Mwanjelwa nzima mtu aliyezuia sufuria ya mwenzake kwa kisingizio hicho (visingizio vingine vipo tele).

Kitabu chenyewe nimemsomea binti yangu. Tulipofika paka anapochapwa, aliweka kidole kwenye picha akasema kwa hasira, "Si yeye!" Hadithi za watoto watiifu watupu huwa anasinzia kabla sijafunua ukurasa wa tatu.

Kitabu kinachomcheka mlemavu na kumsifu anayemchokoza, hapo nakubali, mwalimu akikague kwanza. Ila matusi tunayoyalalamikia watoto wameyaokota stendi na, tusifichane, sebuleni kwetu.

Kitabu kibaki. Mwalimu akifika pa paka asimame, awaulize watoto nani aombwe radhi na nani aseme ukweli.

Mzazi,
Uyole, Mbeya